Chumba hakiwi giza: dalili, sababu na tiba kwa wanaolala mchana Mombasa

Anayetoka zamu ya usiku Kilindini au kwenye hoteli za Shanzu hufika nyumbani jua limeshapanda na mabati yameanza kulia kwa joto. Pazia la maua alilowekewa na mwenye nyumba halimfai kitu. Basi anabuni: leso mbili, blanketi, boksi la televisheni, foili ya jikoni, na mara nyingi vyote kwa pamoja. Baada ya wiki moja malalamiko ni yale yale kwa manesi, masoja, wapishi wa hotelini na madereva wa magari ya usiku. Nimeyapanga hapa kwa dalili, kila moja na sababu zake, ya kawaida ikitangulia.

Kabla ya kununua chochote, fanya kipimo kimoja. Saa sita mchana funga mlango, zima taa, simama katikati ya chumba kwa dakika kumi bila kushika simu. Macho yakishazoea, mwanga utajitaja wenyewe: mstari juu ya fimbo ya pazia, ukanda ubavuni, vitundu karibu na dari, mwanya chini ya mlango. Tia alama ya chaki kila unapouona. Watu wengi hutoa pesa kwa kitambaa ilhali shida yao haiko kwenye kitambaa.

Na usitafute giza la kaburi. Ukinyoosha mkono ukaona umbo lake bila kuweza kuhesabu vidole, hilo linawatosha wengi. Jaribu pia kitambaa cha macho, kile cha kufunga usoni, kabla ya kugonga hata msumari mmoja. Kwa mwenye feni nzuri humaliza kesi. Kwa asiye nayo, jasho hukilowesha kabla ya saa tano, na hapo ndipo dirisha linapohitaji kazi.

"Nimeweka pazia zito na bado naona kila kitu"

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya wengi: mwanga haupiti ndani ya kitambaa, unapita juu yake. Fimbo imefungwa sawa na ukingo wa juu wa dirisha, tena imeachana na ukuta kwa upana wa ngumi. Jua linapenya hapo, linapiga dari jeupe, na dari linaumwaga mwanga chumba kizima. Hakikisha kwa njia rahisi: kunja taulo, lilaze juu ya fimbo ligusane na ukuta, kisha rudia kipimo. Kama chumba kimebadilika, umeshapata jibu na hujatumia hata shilingi. Tiba ya kudumu ni kuipandisha fimbo kiganja kizima juu ya dirisha, kuisogeza karibu na ukuta, na kuifunika kwa kibao cha mbao kilicholala bapa juu yake kutoka ukutani. Fundi yeyote wa mbao hukifanya kwa mabaki.

Sababu ya pili ni pembeni. Pazia linatakiwa lipite dirisha kwa sentimita 15 hadi 20 kila upande, na ncha zake zikamatwe ukutani. Vibanio vya kuanikia nguo vinatosha kwa majaribio. Baadaye shona velkro, au gonga misumari miwili mitatu na utie vitanzi kwenye pindo. Pale mapazia mawili yanapokutana katikati, yapishane kwa kiganja.

Ya tatu ni matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha, yale ambayo fundi mwashi aliyaacha kwa makusudi. Usiyazibe kwa gazeti wala simiti. Yatengenezee kofia: boksi dogo lisilo na chini, lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa kwa ndani, libandikwe juu ya matundu likishuka sentimita 30 hivi. Hewa inashuka na kutoka, mwanga unaishia kwenye weusi.

Kitambaa chenyewe kinakuja nafasi ya nne. Kipime kwa tochi ya simu: usiku, iweke nyuma ya pazia, ikigusana nalo. Ukiona duara la mwanga, kitambaa ni chepesi. Ukiona vinukta kama vya chujio, ufumaji ni mpana. Leso mbili za rangi nzito hupunguza jua lakini haziliui. Kinachofaa ni kitambaa chenye mgongo wa mpira, wanachokiita blakauti, kinachouzwa kwa mita kwenye maduka ya vitambaa ya Biashara Street. Kongowea, upande wa mitumba, hupatikana mapazia ya namna hiyo yakiwa yameshashonwa kwa bei ya kuridhisha. Ila usinunue kabla hujalishika pazia na kulielekeza kwenye jua: ule mpira ukizeeka hupasuka na kubanduka magamba. Na usimruhusu fundi cherehani afumue mshono wa katikati ili alipunguze. Kila tundu la sindano hubaki na kupitisha mwanga, utalala chini ya nyota za kujitengenezea.

Kuna sababu ya tano inayowachanganya watu, nayo ni majira. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa za kuchomoza hazibadiliki sana: kuanzia kama saa kumi na mbili kamili hadi kama saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima. Kinachobadilika ni upande. Karibu na tarehe 10 Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini. Katikati, kufikia Juni, huegemea kaskazini. Kufikia Disemba huegemea kusini. Dirisha la kaskazini lililokuwa halikusumbui wakati wa Krismasi litakuamsha mwezi wa sita, wala pazia halijaharibika.

"Giza limepatikana, lakini chumba kimekuwa tanuri"

Hili ndilo lalamiko la Mombasa hasa. Ushauri mwingi wa kuzuia mwanga umetoka nchi za baridi, ambako kuziba dirisha ni faida mara mbili. Kwetu mwezi wa Machi, kaskazi imekatika na kusi bado haijaingia, ukiziba dirisha umejipika. Ikibidi uchague, afadhali mwanga kidogo na upepo kuliko giza bila hewa. Mwili unahitaji kupoa ili usingizi ukolee. Mtu anayelala katika jasho huamka kila saa hata chumba kiwe cheusi kama masizi.

Chanzo cha kwanza ni hicho: umeziba dirisha lote. Angalia kwanza kama unaweza kupata hewa kwingine. Katika nyumba za Kiswahili za Majengo au Kisauni, zile za vyumba vinavyotazamana na ukumbi mrefu katikati, jibu mara nyingi liko mlangoni. Ziba dirisha, acha mlango wazi, ning'iniza pazia refu la mlango linalofika chini. Ukumbi wenyewe una kiza, na ukifunguliwa huku na huku upepo hupita. Waombe watu wa nyumba wasiwashe taa ya ukumbini kabla ya alasiri, basi.

Kama hewa haina njia nyingine ila dirisha, tengeneza kinga mbili. Hapa nieleze kwa kituo, maana ndicho kifaa chenye manufaa kuliko vyote katika ukurasa huu. Kata vipande viwili vya boksi gumu. La friji ni zuri zaidi, na maduka ya vyombo vya umeme hulitupa. Kipande cha kwanza kisimame kwenye kizingiti cha dirisha, kizibe kila kitu isipokuwa uwazi wa kiganja kimoja juu kabisa. Cha pili kining'inie upande wa chumbani, kianzie juu ya dirisha, kishuke hadi nusu ya kile cha kwanza, vikiachana kwa sentimita nane hadi kumi. Funga ubavuni kwa vipande vyembamba. Nyuso zinazotazamana zipake rangi nyeusi isiyong'aa au uzibandike kitambaa cheusi. Upepo huingia juu, hushuka kati ya vipande viwili, hutokea chini. Mwanga haukati kona. Hugonga weusi mara mbili tatu ukafa. Usitarajie upepo wa dirisha wazi, ila ukiacha hewa ina pa kutokea upande wa pili, utausikia usoni.

Chanzo cha pili: jua unalizuia likiwa limeshaingia. Likishapita kioo likagonga pazia, joto limo chumbani na wewe, halitoki. Kivuli cha nje hufanya kazi kuliko pazia lolote. Mkeka mkuukuu, makuti yaliyofumwa, neti ya kivuli inayouzwa kwa wakulima, hata turubai jeupe: kitundike nje ya grili, kikiachana na ukuta ili hewa ipite nyuma yake. Dirisha la mashariki lahitaji kivuli hicho asubuhi, la magharibi kuanzia saa nane mchana. Wenye madirisha ya zamani ya mbao Mji wa Kale wana bahati, zile mbao za vipande vinavyoinuka na kulala zilitengenezwa kwa shida hii hii. Zitie mafuta bawaba, zifunge, uone kama bado wahitaji boksi. Lakini sehemu za nje za nyumba hizo usizigonge wala kuzibadilisha kiholela. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi na kuna ruhusa ya kuombwa kwanza.

Rangi nayo huchangia. Uso unaotazama jua uwe mweupe au wa kung'aa, weusi ubaki ndani. Wengi huweka kinyume.

Mwisho kuna chumba cha bati kisicho na dari. Panda kwenye stuli saa saba mchana, inua kiganja karibu na bati bila kuligusa. Kama joto linatoka huko, hata uzibe dirisha vipi hutapoa. Kazi ni ya dari, na dari ni mazungumzo na mwenye nyumba.

*Simama hapa.* Kama ndani ya chumba hicho hicho mnapika, iwe kwa gesi, mafuta ya taa au makaa, usizibe tundu la hewa hata moja. Jiko la makaa lisiingie kabisa chumba cha kulala kilichozibwa, hata likiwa limebaki majivu mekundu, wala jenereta isiungurume karibu na dirisha lako. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi. Ukiamka na kichwa kinachogonga, kizunguzungu na kichefuchefu, au mkiumwa kichwa wote kwa pamoja, tokeni nje mara moja, kisha piga 999 au 112, au kimbilieni hospitali iliyo karibu. Usirudi kufungua dirisha kwanza.

"Nikibandika usiku, asubuhi liko chini"

Sababu kubwa ni ukuta na kioo vichafu. Upepo wa bahari huacha utando wa chumvi ambao huuoni, na tepu hushikana na chumvi badala ya kioo. Osha kwa maji ya sabuni, suuza kwa maji matupu, kausha, kisha pangusa kwa spiriti. Ukuta wa chokaa hauoshwi. Tepu itang'oa unga mweupe kila siku, kwa hiyo achana nao, bandika kwenye fremu ya dirisha.

Ya pili ni joto kulainisha gundi. Tepu ya karatasi ya wapaka rangi haiachi uchafu lakini haishiki hata siku tatu. Tepu pana ya kahawia ya kufungia maboksi hushika, ila ikikaa miezi juani huacha gundi inayohitaji mafuta ya taa na uvumilivu kuiondoa. Mwenye nyumba ataiona siku ya kuhama.

Ya tatu ni uzito. Blanketi halibandikwi kwa tepu ya aina yoyote.

Njia ya kudumu isiyohitaji gundi wala msumari ni fremu ya kubana. Pima uwazi wa dirisha kwa ndani, juu, katikati na chini, maana madirisha ya nyumba za kupanga ni nadra kuwa na pembe mraba. Tumia kipimo kidogo kuliko vyote, toa sentimita moja kila upande. Mwambie fundi akuungie mbao nyembamba za mstatili, uzipigie boksi au kitambaa cha blakauti, kisha zungushia ukingoni vipande vya sponji ya godoro kuukuu. Unaisukuma inaingia kwa kubana, sponji inaziba mwanya. Jioni unaitoa kwa mkono mmoja. Iwekee mshikio wa kamba katikati, la sivyo utaing'oa kwa kucha.

Hiyo ya kutoka kwa mkono mmoja ni lazima. Usipigilie ubao wa moja kwa moja kwenye dirisha ambalo grili yake hufunguka. Siku ya moto ndilo mlango wako wa pili. Na dawa ya mbu ya kuchoma isiwekwe chini ya pazia wala boksi, wala soketi ya kuunganisha isifunikwe nyuma yake.

Kuhusu misumari: kuta za nyumba za zamani ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na msumari hutoka na bonge la plasta. Kama plasta inasikika tupu ukiigonga kwa kifundo cha kidole, usitoboe, mwite fundi mwashi. Kwenye kuta mpya, tumia drili na plagi za plastiki, na skrubu zisizoshika kutu. Usitoboe kabisa juu au chini ya swichi na soketi bila fundi umeme. Nyaya zimepita humo ndani ya plasta.

"Pazia lapepea, mwanga unawaka na kuzima"

Haya huletwa na kusi, kuanzia Aprili hivi, kwa madirisha ya kusini na ya upande wa bahari. Sababu ni wepesi wa pindo. Nunua chubwi, vile vizito vya kuzamishia mshipi, kwa wauza zana za uvuvi, zishone ndani ya pindo la chini zikiachana sawasawa. Chubwi ni za madini ya risasi, na risasi ni sumu kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Nyumba yenye mtoto itumie changarawe zilizofungwa kwenye kitambaa. Likiendelea kupepea, pitisha waya wa pazia chini pia, kama ulivyo juu.

"Mchana sawa, usiku taa inanipiga usoni"

Hapa mhusika ni taa ya usalama ya jirani au mulika mwizi, ile taa kubwa ya mtaa iliyo juu ya mlingoti. Anza na mazungumzo, ni rahisi kuliko boksi.

"Hodi, bi mkubwa. Samahani, ile taa yenu ya uani yanipiga chumbani usiku kucha."

"Aa, mwanangu, mbona hukusema? Nitamwambia kijana aigeuze itazame chini."

Mara nyingi huishia hapo. Taa inayotazama chini humlinda vizuri kuliko inayotazama dirisha lako, na hilo unaweza kumwambia kwa upole. Mulika mwizi huwezi kuugeuza, na usithubutu kuupanda wala kuurushia mawe. Huo hutokea juu, kwa hiyo pazia lako lizibwe juu kama nilivyoeleza. Usiku jua halipo, unaweza kutundika kitambaa kizito na kuacha dirisha wazi nyuma yake.

Kisha tazama ndani. Ruta, televisheni, chaja, kiyoyozi: kila kimoja kina kijitaa kinachowaka. Kipande cha tepu nyeusi ya mafundi umeme kinatosha. Usizibe matundu ya kupozea, wala kile kioo cheusi cha kiyoyozi kinachopokea rimoti.

"Nyuma ya boksi kuna harufu na madoa meusi"

Ni koga. Masika, hasa Mei, boksi lililogusana na ukuta hunywa unyevu likaanza kuota. Chanzo cha kawaida ni kwamba haliondolewi kamwe. Toa kila jioni, anika, acha ukuta upumue saa chache. Kama koga limeshaota, tupa boksi, usilipanguse. Ukuta osha kwa maji ya sabuni, dirisha likiwa wazi na pua imefunikwa. Jiki si ya kuchanganywa na siki wala dawa nyingine ya chooni, huzaa gesi ya kudhuru mapafu.

Chanzo cha pili ni mvua inayoingia pembeni mwa fremu. Dalili yake ni doa la kahawia linalorudi mahali pale pale baada ya kila mvua. Hilo si suala la pazia. Fundi wa dirisha aje azibe nje. Mwenye pumu asilale katika chumba hicho mpaka kimekauka.

"Kioo kimepasuka na hakuna aliyekigusa"

Ulibandika kitu cheusi au foili moja kwa moja kwenye kioo kinachopigwa na jua. Katikati ya kioo kulipata moto, kingo zilizo ndani ya fremu zikabaki baridi, kikashindwa. Ufa wa namna hii huanzia ukingoni na kuingia ndani. Vioo vya tinti ndivyo vinavyoathirika zaidi kwa sababu vyenyewe hunywa joto. Kinga ni kuacha nafasi ya sentimita tatu hadi tano kati ya kioo na kizuizi, na kuacha upenyo wa hewa juu na chini.

Kikishapasuka, usibandue foili. Gundi ndiyo inayokishikilia. Funga dirisha polepole, zuia watoto wasipite chini yake, mwite fundi wa vioo. Ghorofani hili halina mjadala. Kipande kinachoanguka Tudor au Buxton huanguka juu ya mtu.

Wenye madirisha ya luva, yale ya vipande vinavyolala na kuinuka, wasibandike chochote juu ya vipande vyenyewe. Havizibiki. Tumia fremu ya kubana kwa ndani.

"Tangu nitie giza, mbu wamehamia kwangu"

Mbu hupenda kupumzika penye kiza na unyevu, na nyuma ya pazia lako jipya pana vyote viwili. Kagua kwanza kama ulipoweka kizuizi uling'oa au ulitoboa wavu wa dirisha. Hiyo ndiyo sababu ya mara kwa mara. Kisha tikisa pazia kila siku kabla ya kulala.

Anayelala mchana asidanganyike kwamba chandarua ni cha usiku. Mbu wa dengi huuma mchana, hasa asubuhi na jioni, na Mombasa imepata milipuko ya dengi zaidi ya mara moja, ikiwamo ya 2013 na 2017. Lala ndani ya chandarua saa nne asubuhi kama ulalavyo saa nne usiku. Homa kali ya ghafla, maumivu nyuma ya macho na viungo kuuma kama vimevunjika: nenda kliniki ukapimwe, na usimeze aspirini wala brufeni kwa kubahatisha, kwa sababu zaweza kuzidisha kuvuja damu kama kweli ni dengi.

"Kitanda cha mtoto nacho?"

Chumba kitiwe giza, kitanda kisifunikwe. Leso au blanketi lililotandazwa juu ya kitanda au kigari huzuia hewa na kupandisha joto haraka kuliko mtu anavyodhani. Kamba za pazia zifungwe juu, mtoto asizifikie shingoni. Nailoni nyeusi ya dukani isitumike kabisa chumbani mwake.

"Giza lipo, upepo upo, usingizi haupo"

Basi acha kulaumu dirisha. Mwanga wa asubuhi uliokupiga njiani kutoka kazini umeshauambia ubongo kuwa kumekucha, ukapunguza melatonini, homoni inayoutayarisha mwili kulala. Vaa miwani ya jua ukiwa kwenye matatu, mradi si wewe unayeendesha ukiwa na usingizi. Simu ikae mbali na kitanda. Chai ya rangi au kahawa chungu ya mwisho iwe mapema katika zamu, si saa kumi na moja alfajiri. Kelele za mtaa ni shida nyingine. Feni inayounguruma huzifunika kiasi.

Kama wiki zinapita na bado hulali, au unakoroma mpaka wenzako wanakuamsha kwa sababu pumzi imekatika, au unasinzia kazini kwenye mashine au usukani, muone daktari. Dawa za usingizi za kununua dukani bila cheti si jibu la boksi lililoshindwa.

"Sasa nalala mpaka napitwa na kazi"

Wanaolalamika hivi ndio waliofaulu, na shida yao ni ndogo: mwili ulikuwa unaamshwa na mwanga, sasa hauna cha kuuamsha. Kengele ya simu iwekwe mbali na mkono, juu ya kabati. Anayefunga Ramadhani na kulala mapema aweke kengele mbili za daku, maana nyuma ya kinga mbili hata mwanga wa jikoni kwa jirani hutauona. Ukishaamka, toa fremu yote mara moja, usifungue upenyo tu, uingize mwanga wa alasiri kabla ya kuoga.